Waombolezaji Arobaini wa Duki

Kaeni, wapendwa, kaeni vizuri. Mzee wangu pale karibu na nguzo ameanza kusinzia tangu wimbo wa pili, na simlaumu, jua lenyewe mnaliona. Lakini leo nazungumza habari za kaburi, na mtu wa umri wake na wangu akisikia habari za kaburi usingizi humtoka wenyewe.

Kulikuwa na duki mmoja katika nchi ya Ufaransa, enzi ambazo babu wa babu yako alikuwa bado hajafikiriwa. Duki ni nani? Si mfalme, ila ni mtu ambaye hata mfalme akimwita humwita kwa adabu. Ana nchi yake, ana ngome yake, ana askari wake na mti wake wa kunyongea watu. Na kuliko hivyo vyote, ana ukoo. Huyu ninayemsema alitanguliwa na maduki sita, baba kwa mwana, baba kwa mwana, na wote sita walilala katika kanisa moja la watawa, kila mmoja amechongwa kwa jiwe juu ya kaburi lake, viganja vimekutana kifuani. Yeye alikuwa wa saba. Alikuwa na miaka sitini na minne, miguu imevimba, pumzi inamkatika akipanda ngazi, na matabibu walikuwa wameanza kuongea naye kwa upole. Mnajua daktari akianza kukuongelesha kwa upole maana yake ni nini.

Basi akaamua kaburi lake lijengwe akiwa hai, alione kwa macho yake. Akaagiza mchongaji kutoka mbali, mtu wa maneno machache aliyekuwa akikohoa vumbi la mawe. Sasa katika ukoo ule palikuwa na desturi. Ubavuni mwa kaburi, kulizunguka lote, huchongwa watu wadogo wa jiwe jeupe, kimo chao hakizidi mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Hao ndio waombolezaji. Wamevaa majoho ya msiba, wanatembea nyuma ya jeneza wakilia, na hawaachi kulia mpaka dunia iishe. Duki alitaka arobaini.

"Waombolezaji wa mababu zangu ni wa kubuni," alimwambia mchongaji. "Nyuso zao ni kama sahani. Mimi nataka watu wangu mwenyewe, wanaonililia mimi."

Mchongaji akasema, "Mimi nachonga ninachokiona, bwana. Niletee watu wanaolia."

"Utaletewa."

Mnacheka, lakini msicheke sana. Yule mzee alikuwa anaogopa. Ametawala miaka thelathini na mmoja, watu wanainama akipita, na hata siku moja hakuwahi kujua kama kuna mtu ambaye angehuzunika kwa kweli siku atakapotoweka. Hilo swali lilimkaa kifuani, halimpi nafasi ya kupumua. Nani angependa kufa na swali kama hilo?

Ikatoka amri: watu wote wa nyumba ya duki, na mmoja kutoka kila nyumba iliyo chini ya ngome, waende kwa zamu katika chumba kilicho kando ya kanisa, wakae mbele ya mchongaji, wafikirie kifo cha duki, walie. Na duki mwenyewe akaketi nyuma ya pazia ili asikie.

Wa kwanza alikuwa mwanawe mkubwa, mrithi. Alikaa, akanyoosha miguu.

"Nilie vipi?" akauliza. "Kwa sauti, au machozi tu yanatosha?"

"Lia kama mtu aliyefiwa na baba," mchongaji akajibu.

Mrithi akasugua macho. Akavuta pumzi, akakunja uso, akakaa hivyo kidogo. Kisha akauliza, "Hivi kwenye mstari wa majina utakaochongwa kaburini, jina langu litaandikwa upande gani?"

Nyuma ya pazia duki alifumba macho. Akaja mkwewe, akalia vizuri tu mpaka alipouliza kama kidevu chake kitaonekana. Wakaja mabwana wa vijiji, wakanguruma kama ng'ombe, macho yamekauka. Mmoja alificha kitunguu kiganjani. Siku tisa zikapita hivyo, na mchongaji hakuwa amegusa tindo wala nyundo.

Siku ya kumi akaingia mama mmoja kutoka chini ya ngome, mtu mzima, kilemba kimefuliwa mpaka kimepauka. Akakaa, akaambiwa maneno yale yale. Hakulia. Alimtazama mchongaji akamuuliza, "Ni kweli hapa kulia kumeruhusiwa?"

"Si kuruhusiwa tu, mama. Ni amri."

Basi akalia. Alianza polepole, bila sauti, mabega yakitikisika. Halafu sauti ikaja, na wapendwa, wapo mnaoijua sauti ile kwa sababu mmewahi kuitoa wenyewe. Mchongaji akachukua mkaa akaanza kuchora haraka. Na nyuma ya pazia duki naye akaanza kutokwa machozi, kwa furaha. Alisema moyoni, yupo mmoja. Angalau yupo mmoja. Hakuweza kujizuia, akafungua pazia akatoka kwa fimbo yake.

"Mama," akasema, "nilikutendea wema gani hata unililie hivi?"

Yule mama akasimama, maana ni duki. "Hukunitendea wema wowote, bwana."

"Sasa unanililia nini?"

"Sikulilii wewe. Namlilia mume wangu, aliyekuwa mlinzi wa lango. Miaka kumi na mitatu iliyopita ulimnyonga, ukamtupa kwenye handaki la ngome bila kasisi, ukakataza mtu yeyote kumlilia. Wanangu niliwaziba midomo kwa mkono huu ili wasisikike. Leo nimeambiwa kulia ni amri. Nimetii."

Duki alikumbuka. Si kwamba alikuwa amesahau. Mwaka ule askari wa adui waliingia kwa lango lililoachwa wazi, wakachoma ghala, wakaua watu kumi na mmoja. Mlinzi aliposhtakiwa alisema neno moja tu: kwamba ufunguo aliuchukua mrithi jioni ile kwenda kustarehe mjini, na hakuurudisha. Na duki akamgeukia mwanawe, akamwona anatazama chini. Akajua. Palepale akajua, kama baba yeyote anavyomjua mtoto wake. Lakini ukoo wa maduki sita, yule wa saba aseme hadharani kwamba atakayekuwa wa nane ndiye aliyemfungulia adui mlango? Akamnyonga mlinzi kama msaliti, mambo yakaisha. Yeye alidhani yameisha.

"Nikuombe kitu kimoja, bwana," yule mama akasema. "Nipe mifupa yake. Iko upande wa mashariki wa handaki, chini ya ukuta wenye ufa. Nimzike penye uwanja wa kanisa kama watu wengine. Sitauliza aliyechukua ufunguo ni nani."

Jamani, hilo ni ombi kubwa? Sepetu mbili na asubuhi moja. Duki alitaka kusema ndiyo. Naamini alitaka, ulimi ulikuwa umeshaanza kunyanyuka. Lakini akapiga hesabu nyingine. Mlinzi akizikwa kwa heshima watu watasema basi hakuwa msaliti. Wakisema hakuwa msaliti watauliza, msaliti alikuwa nani? Na jina la nyumba yake je?

"Baadaye, mama," akasema. "Ngoja kwanza nimalize mambo ya hili kaburi."

Yule mama akafuta uso kwa kilemba chake. "Sawa, bwana. Yeye yupo pale pale. Na mimi nipo." Akatoka.

Duki akamgeukia mchongaji. "Kilio umekiona. Hao thelathini na tisa waliobaki utawapata wapi?"

"Nitachonga nilichokiona," mchongaji akasema. "Na wote nitawavika kofia za joho, zishuke mpaka usoni, kama wavaavyo watu wa msiba."

Duki akaridhika. Kofia ni jambo zuri. Kofia huficha mengi.

Ikapita miaka miwili. Mawe yalikatwa pale uwanjani mchana kutwa, vifusi vikabebwa kwa mikokoteni vikatupwa, na ndani ya kanisa kaburi likakua. Na huyo mama? Duki alimkumbuka mara moja moja, hasa pumzi ilipombana. Akawa anasema, mwezi ujao. Baridi ikipungua. Baada ya mavuno. Si mwongo, alikuwa anamaanisha kila mara.

Kaburi likaisha. Duki akabebwa kwenye kiti akapelekwa kulitazama, na mrithi pamoja na mabwana wote wakamfuata. Kwa kweli ilikuwa kazi ya kushangaza. Waombolezaji arobaini walilizunguka, hakuna aliyesimama kama mwenzake: huyu anajifuta kwa mkono wa joho, yule ameshika rozari, mwingine ameegemea ukuta kana kwamba magoti yamemwishia nguvu. Mabwana wakaanza kushindana. Huyu ni mimi, nimejijua kwa mkanda. Hapana, mimi ndiye yule mwenye kitabu. Mrithi naye akajichagulia wa mbele.

"Nyuso sizioni," duki akasema.

"Zipo, bwana," mchongaji akajibu. "Ila mpaka upige magoti."

Sasa duki hapigi magoti ovyo. Huyu alikuwa na miaka mingi hajapiga, na magoti yenyewe yalishajaa maji. Lakini alikuwa amelisubiri jambo hili. Akaomba ashushwe sakafuni, akainamisha kichwa, akachungulia chini ya kofia ya kwanza.

Alikuwa yule mama.

Akasogea kwa wa pili. Yule mama. Wa tatu, mwenye mkanda wa bwana fulani, usoni ni yule mama. Akaanza kutambaa, mzee wa watu, duki wa saba, anatambaa kwenye sakafu ya baridi akichungulia kofia moja baada ya nyingine, mbele, ubavuni, nyuma, akazunguka mpaka akarudi alipoanzia. Arobaini wote. Uso mmoja, kilio kimoja.

"Hawa hawanililii mimi," akasema.

"Uliniambia nichonge anayelia," mchongaji akajibu. "Nilimwona mmoja tu."

Duki hakukasirika. Alikaa pale chini, mgongo kwenye kaburi lake, akalia kama alivyolia yule mama. Kisha akasema, "Mwiteni. Mwambieni mifupa ni yake, leo hii. Nitamsafishia mumewe jina mbele ya watu wote, na mwanangu atasema kwa kinywa chake aliyechukua ufunguo."

Mjumbe akashuka mbio. Akarudi baada ya saa mbili, akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Yule mama alifariki msimu wa baridi uliopita, bwana."

"Na mumewe? Mchimbueni mumewe. Tuwazike pamoja."

"Upande wa mashariki umejaa, bwana. Ule ukuta wenye ufa hauonekani tena. Ndipo tulipokuwa tunamwaga vifusi." Mjumbe akawatazama wale arobaini. "Vifusi vya kaburi lako."

Duki akawanyooshea fimbo wale arobaini. "Vunjeni hawa. Vunjeni wote."

Mrithi ndiye aliyejibu. Akamwinamia baba yake, akamwambia kwa upole, kama wale matabibu, "Baba, acha wabaki. Wanapendeza. Nani atakayepiga magoti kuwachungulia?"

Siku ya tano duki akafa. Mazishi yalikuwa makubwa, watu walikula siku tatu. Akalazwa kati ya baba zake, jina lake likaandikwa vizuri, la mwanawe likafuata. Na kumzunguka pale alipo, arobaini wanalia usiku na mchana, wanamlilia mlinzi wa lango.

Wapendwa, sisi hatuna maduki. Tuna nini? Tuna kamati. Mtu akifa leo tunajua kujipanga: turubai, maturubai ya akiba, sare ya kitenge, picha ya marehemu anatabasamu, mpiga video anayetuambia tuangalie huku. Vilio vinatoka vizuri. Hayo yote sina ugomvi nayo. Ninachokuuliza ni kimoja. Ni nani uliyemkataza kulia?

Maana tunao. Yule binti wa kazi tuliyemfukuza kwa wizi, halafu tukagundua aliyechukua ni mtoto wetu, tukanyamaza. Tulijua, kama duki alivyojua. Yule mke wa ndugu yetu tuliyemwambia mambo ya nyumbani yasitoke nje, jina la ukoo litachafuka. Yule mdogo wetu aliyeumizwa na mjomba, naye mjomba bado anakaa meza ya mbele kwenye kila sherehe. Tumewaziba midomo, tumeendelea kujenga, na kila tunachojenga vifusi vyake tunamwagia palepale walipo. Halafu tunasema, nitaongea naye. Mwezi ujao. Baada ya harusi. Si waongo, tunamaanisha.

Na wanachoomba ni kidogo. Niambie, yule wako aliomba nini? Si aliomba tu useme mbele za watu kwamba hakuwa yeye?

Ibada ikiisha leo, usije mlangoni kunishika mkono na kuniambia neno lilikuwa zuri. Pita, nenda kwake, akiwa bado ana masikio ya kukusikia. Hata ukija mlangoni hutanikuta. Mimi nitakuwa nimetoka kwa mlango wa nyuma, maana na mimi nina mtu nimemwambia baadaye, na mtu huyo anaumwa.