Kiganja cha Mlangoni kwa Bi Hadia

Sogeeni karibu, na mnaopenda kujibu kabla ya kuulizwa mjifunge midomo kwa leso. Hii ina jibu moja tu, na kila mtu anadhani analo.

Huko Kwembago, mji wa milimani, mvua haishuki kama mvua za watu wenye adabu. Inakuja kwa ubavu na kuzaba kuta makofi. Katika mji huo walikuwapo watu watatu.

Wa kwanza ni Singano, naye alikuwa na masikio. Najua, hata wewe unayo, lakini yako ni ya kuning'inizia herini. Singano alitengeneza ngoma, na akigonga kitu kwa kifundo cha kidole anakwambia papo hapo kama kimeshikana au kimeachana, kama ni kikavu au kimekunywa maji.

Wa pili ni Mdoe, mchoma chokaa, naye alikuwa na mikono. Akipitisha mwiko ukutani, nzi akitua anateleza. Na alijijua, ndiyo maana alitembea mikono mfukoni kama mtu aliyebeba mayai ya watu.

Wa tatu ni msichana, Mboni. Mboni alikuwa na nini? Hata Kwembago waliulizana hivyo, tena wakicheka. Mboni alijua maji yanataka kwenda wapi. Ni hilo tu. Alichimba mifereji ya mashamba, na mahali ambapo wewe ungeona tambarare tupu yeye anachuchumaa, anainamisha kichwa, anasema, "Yatapita hapa." Yanapita.

Mifereji ikikosekana, Mboni aliwabebea mafundi maji ya kukorogea saruji. Na hapo ndipo penye donge lake. Kwembago huitwi fundi mpaka kiganja chako kimegandamizwa kwenye chokaa mbichi kando ya mlango wa nyumba uliyoitengeneza. Ukiwa na kiganja mlangoni, unapewa kazi kwa jina lako. Ukiwa huna, utabeba ndoo mpaka kichwa kiwe cheupe, na hata mwiko ukiuokota njiani watakunyang'anya. Tena mlango mmoja, kiganja kimoja. Vikiwekwa viwili, mafundi wanasema nyumba haina mwenyewe na vyote havihesabiki. Nani alitunga sheria hiyo? Wenye viganja, nani mwingine.

Si Mboni, si Singano, si Mdoe aliyekuwa na kiganja mlango wowote. Singano aliambiwa ni mtu wa ngoma, akapige ngoma. Mdoe aliambiwa mchoma chokaa ni muuza chokaa, basi. Mboni hata hakuambiwa kitu. Alipewa ndoo.

Sasa Bi Hadia alikuwa na nyumba ya mawe na udongo aliyoachiwa na baba yake, na ukuta wake mmoja ulitazama upande wa mvua. Mafundi wenye viganja walikuwa wameuvisha plasta ya saruji kuanzia kwenye bati hadi chini, wakauzamisha ukingo wake ndani ya ardhi, safi, bila kuacha hata upenyo wa sisimizi. Ukuta ukalia. Wakaongeza plasta juu ya plasta, ukazidi kulia. Rangi ikavimba na kubanduka kama ngozi ya aliyeungua. Chumba cha nyuma, alikolala mama yake Bi Hadia, blanketi liliota ukungu, na bibi wa watu akawa anakohoa mpaka anashika kifua kwa mikono miwili. Mafundi waliitwa tena. Wakatazama ukuta, wakatazamana, wakasema unyevu unatokana na bibi mwenyewe kupumua sana.

Mnacheka. Mboni alikuwa hapo na ndoo yake kichwani wakisema hivyo, na yeye hakucheka. Alitamani kuwamwagia.

Bi Hadia akawafukuza wote, akatangaza kwamba atakayemkaushia ukuta ule kabla masika haijaisha ndiye atakayeweka kiganja mlangoni kwake. Asipopatikana mtu, ataubomoa, na mama yake atampeleka kwa ndugu wa bondeni. Mama mwenyewe alisema bondeni ataenda akiwa maiti, wampeleke wakipenda.

Singano alifika kwanza, Mboni na Mdoe wakamfuata. Mji mzima uliamini maji yanapanda kutoka ardhini, na vijana wa Bi Hadia walishashika sululu wabomoe. Singano akawaomba wasubiri. Akaanza juu kabisa, juu ya ngazi, akigonga kwa kifundo, sikio limebanwa ukutani, macho kayafumba kama anaonja mchuzi. Palipoitikia utupu akachora duara kwa mkaa. Alipomaliza, maduara yalikuwa yameshuka mstari mmoja, kutoka kona ya dirisha hadi chini, kama mkia.

"Hayapandi," akasema. "Yanashuka. Yanaingia pale fremu ilipoachana na plasta, yanateleza nyuma ya saruji, yakifika chini yanakosa pa kutokea. Vunjeni nilipochora. Kwingine mkono wa mtu usiguse."

Wakavunja alipochora, na saruji ikadondoka vipande vipana kama maganda. Nyuma yake udongo wa ukuta ulikuwa uji. Mahali ambapo hakuchora ulikuwa mkavu, mgumu, salama. Bila masikio ya Singano nyumba ile ingelazwa chini yote, halafu wangejenga nyingine na kuiwekea dirisha lilelile.

Ikaja zamu ya Mboni. Mdoe alishaona kazi imekwisha. Kama mwizi anaingilia dirishani, alisema, si tuzibe dirisha, tukalale? Mboni akachuchumaa chini ya ukuta. Akasema mvua ya Kwembago haizuiliki yote. Ukiziba kona hii, mwakani itapata ufa mwingine, kwa hiyo maji yapewe njia ya kutoka. Plasta ikomee juu ya ardhi, upana wa vidole viwili uachwe wazi, na chini pachimbwe mfereji wa kokoto wa kuyapeleka migombani.

Mdoe alikuwa mtani wake, wa kabila la watani wao tangu enzi za mababu, na mtani hukasirikiwi.

"Yaani ukuta wa Bi Hadia uvae kaptula?" akauliza. "Nyumba ya heshima inavaa kanzu mpaka kifundoni, mtani. Au unataka panya waingie wakiwa wamesimama?"

Watu wakaangua kicheko. Mboni naye alipaswa kucheka, maana ndiyo desturi. Alicheka kwa meno tu. Kisha akachukua beleshi.

Alichimba mvua ikinyesha, hakusubiri ikatike. Miaka ya kufagia uwanja ilikuwa imerundika udongo ukutani hadi ukameza msingi, na kwa kuwa plasta ilizama humo, ukuta ulikuwa umesimama kama mtu aliyevaa buti lililojaa maji. Mboni akauondoa udongo wote mpaka mawe ya msingi yakaonekana. Akachimba mfereji, akaulaza kwa mteremko aliopima kwa jicho na kwa maji ya kwenye kata, akajaza kokoto, akafunika kwa mawe bapa. Alipomaliza, unajua kilionekana nini? Hakuna kitu. Uwanja kama uwanja. Aliyefika hapo jioni ile angedhani msichana huyu ameshinda akijipaka tope.

Kisha Mdoe akatoa mikono mfukoni. Tumpe haki yake, hata kama anaudhi. Saruji aliikataa kabisa, akasema ile ni koti la mpira na ukuta wa udongo unataka shuka, upate kupumua. Alileta chokaa aliyoiloweka muda mrefu, laini kama samli, akaipiga safu nyembamba juu ya safu nyembamba, akiiacha kila moja ishike. Chini ya dirisha aliilaza kwa mteremko wa kuelekea nje, ili maji yakidondoka yasipate pa kukaa. Wapita njia walisimama. Wengine waliugusa ukuta kwa mgongo wa mkono, kama shavu la mtoto.

Lakini asubuhi iliyofuata baada ya Mdoe kumaliza, Mboni alipokuja alikuta chokaa imeshuka mpaka chini na kuziba ule upana wa vidole viwili. Kanzu mpaka kifundoni. Nzuri, nyeupe, bila upenyo wa sisimizi.

Kicheko cha siku ile, ndoo za miaka yote, bibi anayepumua sana, vyote vilimrudia kwa pamoja. Hakumwita mtu. Alichukua tindo na nyundo, akapiga magoti, akaanza kukata chokaa mbichi ya Mdoe kutoka kona hadi kona.

Mdoe alikuja mbio mpaka kofia ikamdondoka. "Unaua kazi yangu."

"Nafungua yangu."

"Mtani, mimi nilikuwa natania."

Mboni hakuinua uso. "Nitanie mimi," akasema. "Ukuta hauna mtani. Na yule mama anayekohoa mle ndani hana mtani."

Watu waliokuwa wamesogea ili wacheke wakakosa cha kuchekea. Mdoe alisimama akiangalia ukingo uliokatwa, umechongoka vibaya kama mkate ulioumwa na mbwa, na kwa mtu mwenye mikono kama yake ile ilikuwa kidonda. Mwisho akachukua mwiko, akapiga magoti upande wa pili. Hakuziba. Juu ya ule mkato alijenga mdomo mwembamba wa chokaa uliochomoza nje, ili maji yanayoshuka usoni mwa ukuta yadondoke mbali, yasijikunje na kurudi ndani kupitia njia ileile ya kutokea.

Mboni alitazama, moyo ukamuuma zaidi. Hilo hakuwa amelifikiria. Bila ule mdomo, mlango wake wa kutokea ungekuwa mlango wa kuingilia. Alitamani Mdoe awe amekosea, na hakuwa amekosea.

Mvua kubwa ya masika ikaja, ile ya kung'oa migomba. Mji mzima ulikuwa barazani ukitazama ukuta mmoja kana kwamba ni ngoma ya harusi. Ukuta ukalowa. Halafu, chini, kwenye vidole viwili vya Mboni, matone yakaanza kutoka, kwanza ya rangi ya chai, baadaye meupe, yakapotelea kwenye kokoto, na kule migombani maji yakasikika yakitoka. Ndani, Bi Hadia alipitisha kiganja ukutani mara kwa mara. Siku zilivyokwenda ukuta ukakauka, blanketi likaanikwa na kubaki kavu, na mama yake akalalamika kwamba nyumba imekuwa kimya mno, hapati usingizi. Kilichokuwa kimenyamaza ni kikohozi chake.

Basi siku ya kiganja ikafika. Bi Hadia mwenyewe alipaka chokaa mbichi kando ya mlango, kipande cha kutosha mkono mmoja. Mafundi wenye viganja walijipanga kwenye uzio, mikono kifuani, wakiomba watu wale wagombane na kuweka viwili.

Singano alisema maneno machache. Bila yeye wangekuwa wamesimama juu ya kifusi. Waliokuwa wameshika sululu wakaitikia kwamba ni kweli.

Mdoe alisema leo hana utani. Bila yeye wangekuwa na mfereji mzuri sana uliolala chini ya ukuta uchi, na mdomo unaoyadondosha maji mbali na ukuta aliujenga yeye, tena kwa wazo lake. Waliokuwa wakiugusa ukuta wakaitikia kwamba ni kweli.

Bi Hadia akamgeukia Mboni. "Na wewe mwanangu, kazi yako iko wapi niwaonyeshe hawa?"

Wengine wakatazama uwanja, wakaona uwanja. Mmoja wa wale wa kwenye uzio akakohoa kwa makusudi.

Mboni alikuwa amenawa mikono mpaka viwiko.

"Shangazi, kazi yangu ukiiona, ujue imeharibika," akasema. "Singano alipogonga mlimsikia, mkampigia makofi. Chokaa ya Mdoe mmeigusa, mmeisifu. Mimi nilifukia nilichofanya kwa sababu ndivyo kinavyofanya kazi. Basi kwa kuwa nimekifukia, ndiyo sijakifanya? Leo nikikosa hapa, kesho narudi kubeba maji ya hawa." Akawanyooshea kidole wale wa uzioni. "Hawa waliosema mama yako anapumua sana."

Bi Hadia akamtazama Singano, naye Singano akatazama chini. Akamtazama Mdoe, na Mdoe, nawaambia ukweli, hakurudisha mikono mfukoni. Aliiacha nje, imekaa tayari.

Chokaa ya mlangoni imeanza kupoteza mng'aro. Ukiichelewesha kidogo itakataa mkono wa mtu yeyote, na hapo watakaocheka mnawajua. Bi Hadia amewapa kisogo wote watatu na anawatazama nyinyi mliokaa hapa.

Mkono wa nani? Semeni upesi, na aseme kila mmoja na sababu yake, maana atakayesema "wote" nimeshamwambia sheria ya Kwembago.