Vibuyu Ambavyo Ndovu Hakuvirudia

Wanangu, kuna fumbo moja ambalo nimelibeba miaka mingi na sijalifumbua: mtu mmoja anaweza kutunza vibuyu vingapi? Nimewauliza waliosoma na wasiosoma. Kila mmoja alinitajia idadi yake, na kila idadi ilikuwa na sababu nzuri. Mimi ninachokijua ni kisa cha Sange na Ndovu tu. Kisikilizeni, pengine ninyi mtanizidi akili.

Hapo kale, zamani ambazo hata kale yenyewe ilikuwa bado changa, wanyama wa nyika walikuwa na desturi ya kuficha vibuyu vya maji njiani. Mwenye kibuyu alikijaza, akakipiga alama yake ya tope, akakificha chini ya jiwe au ndani ya shina lenye uwazi. Msafiri alipewa fumbo dogo tu: "Tafuta penye kivuli pasipo na mti." Akikipata, alikunywa, akaacha ushanga au unyoya ndani yake, ili mwenyewe ajue kuwa mgeni alipita. Watoto waliupenda mchezo huo kuliko chakula. Wakubwa waliupenda pia, ila hawakusema.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza: mahali penye kibuyu cha mtu pasiwekwe kingine. Ya pili: kibuyu kikimdhuru msafiri, mwenyewe atajibu.

Ndovu alikuwa na vibuyu zaidi ya mia. Hakuwa mbaya. Alipenda kuficha, na alipenda kusikia watoto wakipiga kelele kwa mbali, "Nimekipata! Nimekipata cha Ndovu!" Akisikia hivyo, masikio yake yalipepea yenyewe, pwa! pwa! Basi kesho yake huficha kingine. Kuvirudia ndiko kulikomshinda.

Sange alikuwa na vitatu. Sange ni mnyama mdogo kama panya, mwenye miguu myembamba na pua ndefu isiyojua kutulia. Kila asubuhi alizifagia njia zake, fya! fya! fya!, jani mojamoja, kisha akavijaza vibuyu vyake.

"Shikamoo, Mzee Ndovu."

"Marahaba, kijana. Bado vitatu tu?"

"Vitatu tu, mzee."

"Kwi! kwi! kwi! Vitatu! Mimi popote utakapoweka mguu, pana changu!"

"Na vyote vina maji?"

"Nitapita kesho."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, masika na kiangazi.

Basi kikaja kiangazi kikali. Siku moja Bi Ngiri akafika kwa Sange, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, na mgongoni amembeba kitindamimba wake aliyelegea kama kitambaa kilicholowa.

"Sange, mwanangu, maji!"

Sange akakimbia, akaja na kibuyu. Mtoto akanywa, akafumbua jicho moja, akanywa tena.

"Mmepita wapi, mama?"

"Mgungani. Njia nzima nilikuwa nambembeleza: vumilia, mbele kuna kibuyu cha Ndovu. Tukatafuta, tukakipata. Kikavu kau! Ndani mna nge, amejifanyia nyumba."

"Na kurudi?"

"Kesho. Mama mkwe wangu mgonjwa, nimekuja kumchukulia dawa. Njia nyingine hakuna, na huyu bado ananyonya, siwezi kumwacha." Bi Ngiri akamtazama mwanawe. "Mimi nitafika. Yeye, bila maji pale katikati, hafiki."

Sange akaenda mbio kwa Ndovu.

"Mzee, ruhusu kiwekwe kibuyu kingine Mgungani."

"Pana changu."

"Kimekauka, mzee."

"Nitapita kesho."

"Bi Ngiri naye anapita kesho."

"Ebo! Wewe wa vitatu unanifundisha mimi habari za vibuyu? Pana changu, basi! Sheria ni sheria."

Sange akaondoka, pua ikicheza huku na huku.

Alasiri wanyama walikutana mtoni kama kawaida yao, kwenye baraza la Mzee Nyati. Mzee mwenyewe alikuwa amesinzia. Sange akapanda juu ya kisiki.

"Jamani! Nyuma ya kichuguu chekundu kuna kibuyu. Maji yake baridi, matamu. Bi Ngiri ameyanywa, na kwa furaha anataka kumpa mwenyewe kapu la mabungo. Ni cha nani?"

"Changu!" akasema Ndovu.

"Hakika, mzee?"

"Ala! Cha nani mwingine? Nimekijaza juzi!" Bi Ngiri akamsogezea kapu, na mabungo yakaingia mdomoni yote kwa mkupuo mmoja, gubu!

"Hongera, mzee," akasema Sange. "Sasa, jamani, Mgungani nako kuna kibuyu. Alama yake imefutwa na jua. Ndani mna nge, mkia juu, hivi! Haya, itazameni pua ya Mzee Nyati!"

Wote wakaitazama. Ilikuwa kubwa, nyeusi, ina mabonde na vilima, tena inang'aa.

"Lo! Ilivyovimba!" akasema Kima.

"Maskini! Na nge wa kiangazi ni wakali!" akasema Kiboko.

"Kibuyu kikimdhuru msafiri, mwenyewe atajibu," akasema Sange. "Haya, ni cha nani?"

Ndovu akaitazama pua ya Nyati. Kisha akazitazama pembe zake. Nyati akakoroma usingizini, "Mmmh!"

"Si changu!" akasema Ndovu.

"Hakika, mzee?"

"Si changu! Huko Mgungani mimi sijafika hata siku moja!"

"Na cha Jiwe Jeusi, ambacho maji yameoza?"

"Si changu!"

"Cha Bondeni, chenye nyigu?"

"Si changu, nasema! Wala cha Bondeni, wala cha mlimani, wala cha huko kwingine kote!"

"Mmesikia, jamani?"

"Tumesikia!"

Kelele zikamwamsha Mzee Nyati. "Kuna nini? Mbona mnaniangalia pua?"

"Pole, mzee," akasema Kima. "Pole kwa kuumwa na nge."

"Nge gani? Pua yangu iko hivi tangu nilipozaliwa!"

Baraza zima likaangua kicheko. Kiboko alicheka mpaka akaanguka majini, chubwi!

"Sange!" Ndovu akanguruma. "Umesema ameumwa!"

"Mimi, mzee? Nilisema mwitazame tu. Pua nzuri ile."

"Na kile cha kichuguu chekundu," akadakia Bi Ngiri, "ni cha Sange. Amenipa kwa mkono wake mwenyewe."

Masikio ya Ndovu yakashuka. Sidhani kwamba alikusudia kuiba sifa ya mwenzake. Mwenye vingi hufika mahali asijue kipi chake na kipi cha jirani.

Basi wanyama wakataka iwekwe idadi ya vibuyu ambayo mmoja asiizidi. "Kumi!" akasema Kima. "Watano wanatosha mtu!" akasema Kiboko, ambaye hesabu hakuiweza wala ngeli. "Hamsini," akasema Twiga, kwa sababu miguu yake ni mirefu. Wakazozana mpaka Nyati akapiga kwato, ndu!

"Idadi sitaji," akasema. "Anayeweza kuvizungukia vyake vyote kabla mwezi haujaandama tena, avitunze, viwe viwili au mia mbili. Asichokifikia, si chake, na pahali pake apewe mwingine. Mgungani ni pako, Sange."

"Hapana, mzee," akasema Sange. "Mwisho wangu ni vitatu. Nikienda Mgungani, cha kichuguu chekundu kitakauka."

Wakatazamana. Mgungani ni mbali, na jua lilikuwa linashuka. Bi Ngiri alikuwa anaifunga dawa kwenye jani, polepole, bila kumtazama mtu.

Hapo ikasikika sauti ya chini, kama ya mtoto aliyevunja chungu.

"Hicho kimoja," akasema Ndovu, "naweza kupewa mimi?"

"Hicho tu?" akauliza Nyati.

"Hicho tu."

Akaingia mtoni, akajaza mkonga wake maji, akashika njia ya Mgungani.

Kesho yake Bi Ngiri akafika Mgungani jua likiwa la utosi. Alimshusha mwanawe, naye akatambaa kwenye mawe, akanusa, akafukua. Kibuyu kilikuwa kimejaa pomoni. Nge hayupo. Alama ya tope ilikuwa bado mbichi.

"Nimekipata!" akapiga kelele. "Mama! Nimekipata cha Ndovu!"

Na nyuma ya migunga, kwa mbali, kitu kikapepea: pwa! pwa!

Kibuyu si cha aliyekificha, ni cha anayekirudia. Ndivyo ilivyoamuliwa siku ile mtoni, na wa kwanza kuutekeleza uamuzi huo alikuwa Ndovu.