Kakakuona na Mlinzi wa Mwilini Mwake

Paukwa!
— Pakawa!
Nyie wa nyuma, mmekula au hamjala? Paukwa!
— Pakawaaa!

Hapo zamani za kale aliishi Kakakuona na mwanawe mmoja tu, Tunu. Walikaa kwenye shimo kuukuu katikati ya pori.

Asubuhi moja akaja jirani yao Muhanga, mchimba mashimo. "Dada, hama! Watu wanafyeka kule pembeni. Keshokutwa watachoma pori wapande mtama. Nimekuchimbia shimo jipya ng'ambo ya kijito."

"Asante kaka. Nahama leo leo."

Akampandisha Tunu mkiani, wakashika njia mpaka kwenye jiwe jeusi. Hapo ndipo Chui alipomkamata zamani, akamng'ata, nusura amuue. Kuliona tu jiwe, mwili ukajikunja wenyewe, ukawa mpira, Tunu ndani. Hakuamua yeye, jamani. Alipokunjuka, jua lilikuwa limeshakuwa kali. Akarudi. "Tutahama kesho, mwanangu."

Siku ya pili, jiwe lile lile, mwili ukajikunja. Safari hii akajitukana: "Mvivu mkubwa! Mama gani wewe?" Kadiri alivyojitukana, ndivyo mwili ulivyozidi kukaza. Akarudi tena kwa aibu.

Muhanga akamwona. "Ala! Dada, unalipenda shimo bovu kuliko mtoto?"

Kakakuona akajiingilia shimoni. Akalia.

Siku ya tatu moshi ukatanda. Kakakuona akatoka mbio, Tunu mkiani. Wakafika kwenye jiwe. Mwili ukajikunja! Na moto huo unakuja, unatatarika nyuma yao.

Ndani ya mpira, Tunu akasema kwa sauti ndogo, "Mama, nakosa pumzi."

Uchungu wa mwana ukamshika. Alitaka kujitukana tena, akanyamaza. Akakumbuka jinsi mwili ule ulivyojikunja ukamwokoa na meno ya Chui. Akauambia taratibu, "Asante, mlinzi wangu. Siku ile uliniokoa. Lakini leo Chui hayupo. Leo ni moto, na moto haujali magamba. Unaogopa, nami naogopa. Nipe pua tu."

Pua ikatoka.

"Nipe mguu mmoja."

Mguu ukatoka, kisha wa pili, mwili wote ukakunjuka. Wakalipita jiwe wakitetemeka, wakavuka kijito. Tunu alikuwa hai, ila gamba lake moja la mgongoni liliungua kwa cheche njiani, na halikuota tena. Kila mama yake alipomwogesha, kidole kilisimama hapo.

Ndiyo maana hadi leo kakakuona akikunjuka hutanguliza pua.

Basi wanangu, mkijiona mnasema kesho, kesho, msikimbilie kujiita wavivu. Ndani yenu yumo mlinzi anayeogopa jeraha la zamani. Mshukuruni, mwambieni leo ni siku nyingine, kisha toeni pua. Ila msikawie. Tunu alilipia siku mbili alizokawia mama yake.

Ngano yangu nimeiacha pale kijitoni. Aliyesinzia amuulize jirani yake.