Mikono Thelathini na Filimbi Moja

Leo nawapa mfano wa mwalimu wa kwaya. Msigeuze shingo kumtazama wa kwetu, mwacheni akae kwa amani, si yeye. Huyu nimemtunga mwenyewe, na bado ananitisha kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Mwalimu huyu alikuwa wa usharika wa milimani, huko watu wanakolima tangawizi kwenye miteremko. Alifundisha kwaya miaka thelathini na mmoja. Kinanda hakuwa nacho. Alikuwa na ubao, chaki ya kuandikia do, re, mi, na sikio. Hilo sikio lilisifika usharika mzima. Watu thelathini wanaimba kwa pamoja, mmoja akiteleza kidogo tu, mwalimu anasimamisha wote na kumnyooshea kidole yule yule aliyeteleza. "Wewe, mama, mi yako imelala. Iamshe." Na kweli ilikuwa imelala. Watu walimwogopa, na yeye, tuseme ukweli, alipenda kuogopwa.

Sasa, binti yake anayefanya kazi Dodoma, Namsifu, alipokuja likizo alimletea flashi yenye albamu moja ya muziki wa utulivu. Ni muziki usio na maneno, wa kumfanya mtu akae, atafakari, moyo ushuke. Kuna piano, kuna kinubi, kuna fidla na lile fidla kubwa linalopigwa mtu amekaa, wanaliita selo, na kuna filimbi nyembamba sana. Vyombo hivyo havina haraka. Kimoja kinatoa noti, kinaiacha iende mpaka iishe, ndipo kingine kinajibu.

Siku ya kwanza mwalimu aliudharau. "Amina yake iko wapi?" alimuuliza mkewe. "Muziki umenyamaza, nimesimama niondoke, kumbe ulikuwa unavuta pumzi."

"Na wewe kaa uvute pumzi, Baba Namsifu," mkewe akamjibu. "Tangu unioe sijakuona umekaa."

Akakaa. Kesho yake akakaa tena. Mwezi haujaisha, ikawa ndiyo desturi yake: akirudi shamba, ananawa, anachukua kigoda, anaiweka redio juu ya meza na kuichomeka ile flashi. Hakuna kumsemesha. Aliupenda zaidi wimbo wa tatu. Humo selo inaguna mara tatu, halafu vyombo vyote vinanyamaza, na filimbi inaingia peke yake, juu kabisa, dakika nzima. Mwalimu alikuwa akifika hapo anafumba macho. Alimwambia mkewe kwamba hapo ndipo anapoomba vizuri kuliko hata kanisani, akamkataza asimwambie mchungaji. Wachungaji tunafichwa mengi.

Miaka miwili ikapita hivyo. Halafu Jumatano moja, selo ikaguna mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mwalimu akafumba macho. Filimbi haikuja.

Akangoja. Akafungua macho, akaitazama redio. Taa yake inawaka. Baada ya muda mrefu piano ikarudi vizuri tu, na kinubi kikafuata. Akaurudisha wimbo mwanzo. Selo mara tatu, kisha kimya. Akarudisha tena, na tena, mpaka mkewe akatoa kichwa mlangoni.

"Flashi imeharibika," mwalimu akasema. "Imekula filimbi."

Asubuhi akashuka mjini kwa fundi wa simu. Fundi, kijana wa watu mwenye adabu, akaichomeka flashi, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, mbona filimbi inalia vizuri tu? Hii hapa. Husikii?"

Jamani, neno dogo hilo. Husikii? Mwalimu akasema, "Nasikia, nasikia, basi ni redio yangu," akaichomoa flashi, na njia nzima ya kupanda mlima hakumwitikia mtu salamu. Waliomwamkia wakadhani ana msiba.

Tangu siku hiyo hofu ikahamia kwake. Alianza kujipima kwa siri. Anasugua vidole karibu na sikio. Anasimama karibu na sufuria kusikiliza mfuniko. Mvua juu ya bati aliisikia, ngurumo aliisikia, sauti za wanaume alizisikia sawasawa, na kila mara alijipa moyo kwamba hana shida. Lakini jioni moja akatoka uani, akagundua kwamba nyenje hawalii. Akamuuliza mkewe kwa sauti ya mzaha, "Mwaka huu nyenje wamehama?" Nyenje walikuwa wanapiga kelele mpaka mtu hawezi kuwaza.

"Baba Namsifu, twende hospitali wakuangalie masikio."

"Masikio yangu?" Alipandisha sauti mpaka mkewe akarudi nyuma. "Masikio yangu haya yaliyofundisha usharika mzima? Usilitamke hilo neno nje ya nyumba hii."

Kwa nini aliogopa hivyo? Tusimcheke haraka. Mkulima akipoteza jembe atanunua lingine. Huyu alijua kwamba siku watu wakijua, watamshukuru sana, watampa kitenge na kiti cha mbele, na chaki watampa mtu mwingine. Na yeye bila chaki hakujua ni nani. Alikuwa akiamka alfajiri na jambo hilo tu kifuani, amelala chali, anakokotoa ni wangapi wameshagundua.

Basi akaficha. Na hapa ndipo mfano unapoanza kuuma, kwa sababu hofu ya mwalimu haikubaki kwa mwalimu.

Zilikuwa zimebaki wiki sita kufika tamasha la kwaya za jimbo. Mwalimu anasimama mbele, anawatolea do, wanaanza. Besi anawasikia, wako imara. Wanaume wa sauti ya tatu anawasikia. Sauti ya kwanza, wale kina mama wa juu, anaona midomo inakwenda na anachopata ni upepo tu. Kwa hiyo akafanya nini? Akasema, "Siwasikii, naam, siwasikii! Sauti ya kwanza mmelala! Pandisheni!"

Mnaona alivyokuwa mjanja? Alisema ukweli mtupu, akaugeuza kuwa kosa la wenzake.

Kina mama wakapandisha. Akasema bado. Wakapaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Akasema, "Mnaimba mmeshiba nini? Tena!" Aliyeongoza sauti ya kwanza alikuwa mama kijana mwenye watoto wawili, na sauti aliyopewa yule mama, ndugu zangu, ilikuwa inaweza kumtoa mlevi kilabuni. Wiki ya tatu akamfuata mwalimu baada ya mazoezi, amejifunga leso shingoni.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba nipumzike siku chache. Koo linaniwaka, jana nimetema damu kidogo."

"Marahaba. Upumzike, tamasha liko mlangoni? Wewe ndiye unayewavuta wenzako. Ukilala wewe, wote wamelala."

"Mwalimu, mimi naimba kwa nguvu zangu zote."

"Zingekuwa zote ningekusikia."

Mama yule akainamisha kichwa. Akasema, "Haya, Mwalimu," kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyowalea. Akarudi mstarini, akaimba juu ya kidonda.

Usidhani mwalimu alilala vizuri. Aliiona ile leso. Moyoni alijua kuna mambo mawili tu: ama kwaya imeshuka, ama yeye. Aliombea sana iwe kwaya. Fikirini hilo. Mtu anapiga magoti kumwomba Mungu watu thelathini wawe wabovu ili yeye awe mzima. Mwisho akatafuta hila ya kujua bila kuuliza.

Jumamosi mchana akaja mazoezini na redio kwapani. "Leo hatuimbi," akasema. "Leo nawafundisha kusikiliza, maana ndicho kinachowashinda. Kaeni. Fumbeni macho. Nitawawekea muziki wa utulivu. Humo kuna filimbi. Ukiisikia, inua mkono. Ikinyamaza, ushushe."

Akaweka wimbo wa tatu. Hesabu yake ilikuwa hii: mikono isipoinuka, fundi ni mwongo, flashi ni mbovu, na yeye ameokoka. Piano ikaanza. Kinubi. Fidla ikapita. Watu walikuwa wamechoka na mashamba, muziki ukawaingia, nyuso zikalegea. Selo ikaguna mara moja. Mwalimu alishika meza. Ikaguna mara ya pili. Alikuwa anasema ndani kwa ndani, isiwepo, Bwana, isiwepo. Mara ya tatu.

Kimya.

Wa kwanza kuinua mkono alikuwa yule mama mwenye leso. Halafu aliyekaa kando yake. Halafu safu nzima ya sauti ya kwanza, sauti ya pili, wanaume, mpaka mikono yote thelathini ikawa juu, macho yamefumbwa, wengine wanatabasamu kwa utamu wa kitu wanachokisikia. Na mwalimu amesimama mbele yao na hasikii kitu. Alisikia moyo wake tu, unapiga vibaya. Alihisi yuko ndani ya kaburi na watu wanapita juu wanazungumza.

Angeweza kusema hapo hapo. Angesema tu, "Wanangu, mimi sisikii." Maneno matatu. Nani angempiga mawe? Lakini katika safu ya besi mzee mmoja alifungua jicho, akamtazama. Na mwalimu alipoona ametazamwa, akafanya jambo la haraka kuliko akili yake. Akainua mkono. Akafumba macho. Akatabasamu na yeye.

Akabaki hivyo. Muda gani? Atajuaje? Filimbi haisikii, na macho ameyafumba. Alisimama mbele ya kanisa na mkono juu, na uso wa mtu anayeburudika, akingoja ishara ambayo haikuweza kumfikia.

Alipofungua macho, mikono yote ilikuwa chini. Ilikuwa chini muda mrefu. Watu thelathini walikuwa wanamtazama, na mkono uliobaki juu ulikuwa wake peke yake.

Wangecheka ingekuwa nafuu. Hakuna aliyecheka. Yule mama mwenye leso akasimama, akaja mpaka mbele, akasema kitu. Mwalimu aliona midomo. Sauti yenyewe ilikuwa imebaki mkwaruzo, hata mwenye masikio mazima angeinama kumsikia. Mwalimu akageuka huku na huku, akaomba kwa macho. Mzee wa besi akanyanyuka na lile dubwana lake la sauti, akamfikishia.

"Anasema, Mwalimu, tulikuwa tunaimba. Siku zote hizi, tulikuwa tunaimba."

Kwenye tamasha yule mama hakusimama. Aliuza chai mlangoni. Sauti ya kuzungumza ilimrudia. Ile nyingine haikumrudia.

Sasa ndugu zangu, kosa la mwalimu liko wapi? Katika masikio? Hapana. Kuzeeka si dhambi, na kutosikia si dhambi. Mungu hakumdai filimbi aliyoiondoa yeye mwenyewe. Kosa liko kwenye ule mkono. Na kabla ya mkono, liko kwenye lile neno, "Pandisheni," alilolisema wiki baada ya wiki kwa watu waliokuwa wamemaliza nguvu zao.

Sisi je? Wewe baba, unayesema mkeo siku hizi hana heshima, watoto siku hizi hawasemi na wewe, una hakika hawasemi? Au umewafikisha mahali wanapiga kelele na damu inatoka, na wewe unasema bado? Sisi wazee wa kanisa tunaosema vijana wamepoa, sala zimepoa, Roho siku hizi hashuki, tumeuliza kwanza kama ni Roho aliyenyamaza? Tunaogopa kuuliza. Tunajua jibu, ndiyo maana tunaogopa. Kwa hiyo tunatazama jirani ameinua lini, na sisi tunainua. Tunafumba macho. Tunatabasamu. Na siku moja tutayafungua tukute wote wameshusha.

Nilisema mfano huu unanitisha. Niliutunga Jumanne, nikiwa nimekaa na Biblia iliyofunguliwa tangu asubuhi, natafuta la kuwaambia leo, na sikupata neno hata moja. Jumapili ya kabla yake nilikuwa hivyo hivyo. Na ile ya kabla yake. Nikapanda hapa, nikawakemea kwamba ninyi ni wagumu wa mioyo. Mnakumbuka. Kuna mama alitoka analia.

Kwaya itasimama sasa hivi, na tumezoea wakiimba tunainua mikono. Leo nawaomba, asiyesikia asiinue. Akae. Amguse aliye karibu naye, amwambie kwa mdomo wake kwamba hasikii, na huyo aliyeguswa asimcheke wala asimpigie kelele, amshike tu mkono.

Naanza mimi. Sisikii.