Siku Kifaru Alipoelezwa Sababu ya Kifo Chake

Enyi waungwana mlioketi, mabibi kwa mabwana, wenye mvi na wenye meno ya maziwa, nawaamkua kwa heshima. Naomba masikio yenu, na midomo yenu pia, maana ngano isiyoitikiwa huota ukungu.

Nifungue? — Fungua!

Nifungue kwa kweli au kwa uongo? — Fungua kwa utamu, kweli itatufuata!

Palikuwa na mwamba wa magadi nyikani, mweupe, wa chumvichumvi. Kiangazi kilipokaza, wanyama wote walikwenda kuulamba, na kina mama wanaonyonyesha ndio waliotangulia, kwani asiyelamba magadi maziwa yake hukauka. Hapana aliyeuliza mwamba ule ni wa nani, kama ambavyo hapana aulizaye mvua ni ya nani.

Kiangazi kimoja akaja Kifaru. Akaupanda mwamba, gidi, gidi, gidi! Akaketi juu yake na kitambi chake chote.

"Magadi haya ni yangu," akasema. "Atakaye kulamba, alete kwanza mzigo wa majani mabichi."

Majani mabichi, kiangazi! Wanyama wakaguna. Kifaru akatabasamu.

"Mwajua kwa nini magadi haya ni yangu?"

"Hatujui, Mzee," akajibu Ngiri, msemaji wa baraza lao. "Tueleze."

"Kwa sababu zamani, dunia ilipokuwa bado teketeke, babu yangu alichoma pembe ardhini, chwa! Magadi yakaruka, fwaa! Yakatua hapa, yakaganda."

"Aaa, kumbe!" wakaitikia wote.

Walikuwa wanyama wenye adabu. Mwenye kueleza kwa utamu hawakumkatiza, na wakishasema "kumbe", neno limepita. Wakatawanyika kutafuta majani, kila mmoja akimsifia mwenzake ile chwa na ile fwaa.

Bi Digidigi peke yake hakuitikia. Alikuwa mdogo kuliko kichaka, na mwanawe alikuwa mdogo kuliko yeye. Alizunguka nyika siku nzima, akarudi na kijiti kimoja chenye jani moja.

"Hiki umeniletea nichokolee meno, bibie?" akauliza Kifaru, nao waliokuwapo wakacheka.

"Mzee wangu, nyika imeungua. Maziwa yamenikauka. Mwanangu ananyonya hewa."

"Jamani, mwajua kwa nini maziwa yamemkauka? Kwa sababu ni mvivu. Mvivu hakimbii, asiyekimbia damu yake haichemki, na damu isiyochemka haitoi maziwa."

"Aaa, kumbe!" wakasema.

Hapo Bi Digidigi akahisi moto ukimpanda toka kwatoni hadi masikioni. Mvivu! Yeye ambaye miguu yake ilikuwa imechubuka kwa kutafuta jani! Nani amethibitisha kwamba ni mvivu? Hakuna. Wameelezwa tu kwa nini, nao wamekwisha kuamini. Maziwa kukauka, hilo sawa, kila mwenye macho analiona. Atakaye kueleza chanzo chake na aeleze. Lakini magadi kuwa ya Kifaru, nani ameliona? Wamekula mchuzi wakasahau kuuliza nyama iko wapi! Na mwanawe afe kwa sababu ya utamu wa chwa na fwaa?

Hakulia. Digidigi wana alama nyeusi chini ya macho kama njia za machozi, basi hata akitabasamu huonekana amefiwa. Asubuhi akasimama mbele ya baraza, Kifaru akiwa juu ya mwamba anapiga miayo, akainamisha kichwa, akaimba:

*Kifaru amefariki, magadi yamebakia,*
*Ugonjwa haufichiki, sababu nawaambia,*
*Alilamba hashituki, moyo ukamzimia,*
*Nasi hatuna hamaki, kaburi twamchimbia.*

"Mwajua kwa nini Mzee Kifaru amekufa?" akauliza.

"Hatujui, Bi Digidigi," akasema Ngiri, tayari sauti inamtetemeka. "Tueleze."

"Kwa sababu magadi ya wengi yakiingia tumbo moja, hutafuta njia ya kutokea. Yalipanda kifuani, chwi! Yakaganda moyoni, ko! Moyo ukawa jiwe."

"Aaa, kumbe!" wakaitikia. Pundamilia akaangua kilio.

"Nini?" akanguruma Kifaru. "Mimi huyu hapa! Napumua!"

Ngiri akakuna shavu. "Bi Digidigi, marehemu anasema hakufa."

"Naam. Na mwajua kwa nini anasema? Kwa sababu mchoyo hufa mwili, ulimi ukabaki."

"Aaa, kumbe!"

Kifaru akapiga mguu, puu!

"Ardhi inamlilia," akanong'ona Pundamilia. "Alikuwa na kasoro zake, lakini alieleza vizuri."

Wakaanza kuuliza nani atarithi magadi. Kifaru akawaka.

"Wapumbavu nyinyi! Mnaelezwaje kwa nini nimekufa, na hamjaonyeshwa kama nimekufa? Kwanza athibitishe! Akishathibitisha, ndipo aeleze!"

Bi Digidigi akasimamisha masikio.

"Rudia, Mzee," akasema Bi Digidigi kwa upole. "Walio nyuma hawakusikia."

Kifaru akatanua kifua, akapaza sauti: "Kwanza uthibitishe, ndipo ueleze!"

"Maneno ya dhahabu. Sasa thibitisha kwamba magadi ni yako."

"Ni yangu kwa sababu babu yangu—"

"Hiyo ni 'kwa nini'! Nimekuuliza kama ni yako!" Sauti yake ndogo ikapasuka kwa hasira. "Nani alimwona babu yako? Mimi nitaonyesha. Tazameni mwamba, jamani! Una vijishimo vya ndimi, vipana vya pundamilia, vyembamba vya digidigi. Jiwe halichimbiki kwa siku moja. Ndimi za mama zetu na bibi zetu zimelichimba, na hakuna aliyeleta jani. Basi, Mzee, chagua. Ukiikataa kanuni uliyoitamka mwenyewe, umekufa, tukuzike. Ukiikubali, u hai, lakini shuka."

Wanyama wote wakamtazama Kifaru. Safari hii hakuna aliyesema "kumbe". Ngiri alikuwa amekwisha kuanza kuchimba.

Kifaru akalitazama shimo. Akashuka, gidi... gidi... gidi. Bi Digidigi akapanda, akalamba mpaka ulimi ukamwasha, na jioni mwanawe akanyonya, nyo, nyo, nyo, akalala na povu la maziwa mdomoni.

Nimefunga mlango wa ngano, ufunguo nimeumeza. Atakaye kuendelea ajenge nyumba yake.

Na funzo lake, waungwana, ni hili: mkubwa akisema "kwa sababu", itikieni upesi, mwende mkakate majani. Maswali huchosha wenye nguvu, na wenye nguvu wakichoka, nani atatueleza mambo?

Nilipomwuliza aliyenisimulia kwanza kama ngano hii ni ya kweli, alinieleza vizuri sana kwa nini ni ya kweli. Naye ni nyanya yangu, Bi Mwanatumu binti Hatibu.