Namba Mbili ya Adabu

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wahenga walipoisema methali hii hawakuwa na haja na kunguni. Walitaka tujue kwamba taabu ya mtu huihisi mwenyewe, na anayesimama kando, hata awe na huruma na elimu kiasi gani, hubahatisha tu. Wengi wetu tuliikariri shuleni, tukapata alama zetu, tukaisahau. Profesa wa kisa hiki naye aliikariri. Ilimbidi alazwe ndipo aielewe, na mpaka leo anashukuru kwamba alilazwa.

Profesa alikuwa bingwa wa elimu ya ubongo. Alizijua njia zinazopitwa na maumivu kutoka kidondani hadi kichwani kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba yake gizani. Wauguzi wa wodi ya upasuaji walimpachika jina la Bi Namba, kwa kuwa swali lake kwa kila mgonjwa lilikuwa moja: kati ya sifuri na kumi, sifuri ikiwa hakuna maumivu kabisa na kumi yakiwa hayavumiliki, yako ni namba ngapi?

Mdogo wake wa kiume, ambaye waliachiana ziwa, alikuwa mkemia katika chuo hicho hicho. Mkemia alikuwa ameihangaikia dawa mpya ya kutuliza maumivu ya baada ya upasuaji tangu nywele zake zikiwa nyeusi tititi. Dawa hiyo ilitarajiwa kutuliza kuliko ile ya zamani iliyokuwa ikitumika wodini. Panya wa maabara walikuwa wameikubali, na sasa ilikuwa zamu ya watu. Nusu ya wagonjwa walipewa ya zamani, nusu wakapewa mpya, na wala mgonjwa wala muuguzi hakujua nani amepewa ipi.

Kila asubuhi Muuguzi wa utafiti alipita kitanda hadi kitanda kuuliza namba. Profesa ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. "Usimwendee mgonjwa kama karani wa sensa," alimwambia. "Msalimie, mshike mkono, mwonyeshe uso wa furaha, ndipo umuulize." Muuguzi alilishika somo hilo barabara, na wagonjwa walimpenda kama mtoto wao.

Lakini namba zilizorudi zilikuwa ndogo mno. Mbili, moja, tena mbili, kwa dawa ya zamani na kwa mpya vilevile. Ikiwa ya zamani inatosha kiasi hicho, mpya ya nini? Jopo la chuo lilikuwa karibu kukutana, na Profesa alijua atakachoshauri: utafiti ufungwe na dawa iachwe. Akaenda maabara kumwambia nduguye kabla hajayasikia kwa watu.

"Mdogo wangu, sikufichi. Dawa yako haijamdhuru mtu, ila haijatufaa kitu."

Mkemia alikuwa akisuuza chupa. "Namba ndizo hizo, dada?"

"Ndizo hizo."

"Basi. Asiyekubali kushindwa si mshindani," alisema, akaendelea kuisuuza chupa ambayo ilikuwa imeshatakata zamani. Profesa aliondoka moyo ukimuuma, maana alijua miaka ya mtu haisuuzwi namna hiyo.

Hazikupita siku nyingi, mawe ya nyongo yaliyokuwa yakimchokoza Profesa kwa muda mrefu yakamwonyesha cha mtema kuni. Akapasuliwa. Alipozinduka alijikuta katika wodi ile ile aliyozoea kuikagua, kitanda cha karibu na dirisha. Jirani yake alikuwa mama mtu mzima, fundi cherehani, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri.

Zamani Profesa alipowakuta wagonjwa wamelala tu, aliwahimiza: "Inukeni mtembee jamani, damu isigande." Moyoni alidhani wanadeka. Sasa aliona mambo. Akilala tuli aliweza kuvumilia, lakini alipokohoa alihisi kana kwamba anapasuliwa upya bila ganzi. Aliiogopa chafya kuliko deni. Glasi ya maji ilikuwa juu ya kabati dogo, mkono ungeifikia kama angejigeuza kidogo, naye alishinda na kiu akiitazama.

Asubuhi Muuguzi akaja na kitoroli chake cha dawa. Profesa hakuwa ndani ya utafiti wake mwenyewe, kwani hilo haliruhusiwi, lakini wodini kila mgonjwa aliulizwa namba ili ajulikane wa kuongezewa dawa. Muuguzi akamshika mkono, akatabasamu.

"Habari za asubuhi, Profesa. Umeamkaje?"

"Salama tu, dada. Ninyi je?"

"Sisi wazima. Haya, kati ya sifuri na kumi, maumivu ni namba ngapi?"

Profesa alifungua kinywa aseme nane. Akauona uso ule mchangamfu, akaikumbuka ile "salama" aliyoitoa sasa hivi. "Mbili," alisema. "Si haba."

Muuguzi alishukuru, akasonga mbele. Mwenye mbili haongezewi dawa, na Profesa alibaki akikisindikiza kitoroli kwa macho hadi kikatoka mlangoni. Kitanda cha pili kikaanza kutikisika. Fundi alikuwa akicheka huku amejishika nyuzi zake kwa mikono miwili.

"Usinichekeshe, mwanangu, nitafumuka. Hata wewe mwenye namba zako umesema mbili?"

"Kwani wewe mama umesema ngapi?"

"Moja."

"Na ukweli?"

"Ukweli, tangu jana sijageuka. Nimelala chali kama kitambaa kilichotandikwa mezani kingoje mkasi."

"Sasa mbona umesema moja?"

Fundi alimtazama kama anayemwonea huruma. "Mtu amekuja, kakushika mkono, kakuuliza umeamkaje kwa upole vile. Utamwambia umeamka na moto tumboni? Unajibu salama. Na ukishasema salama, utarukaje hadi nane? Si utaonekana mwongo? Halafu yeye hutukuta tumetulia. Nikitulia hivi, hata mimi sina neno. Angenikuta nakohoa, angepata habari zake."

Profesa aliwawaza wagonjwa wote waliomjibu mbili na moja, wakabaki na maumivu yao kwa sababu ya heshima yao. Machozi yakamlengalenga. Alisikia uchungu kwa ajili yao, na papo hapo akasikia furaha, kwa kuwa alikuwa ameliona kosa lake kabla jopo halijaketi. Akaomba Muuguzi aitwe.

"Dada, niwie radhi. Nimekudanganya. Nikikohoa ni nane."

"Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ulinisalimia vizuri. Hukukosea, ndivyo nilivyokufundisha."

"Na mimi hiyo moja yangu ifute," Fundi alidakia. Kitoroli kikarudi, na siku ile wote wawili waligeuka upande.

Mkemia alipokuja kumtazama dada yake, alianza kwa sauti ya msibani. "Pole, dada."

"Ahsante, lakini leo nipe hongera. Dawa yako hatujaipima bado. Tumepima adabu za watu."

Mbele ya jopo Profesa aliomba namba zote za mwanzo ziwekwe kando na utafiti uanze upya. Halikuwa jambo jepesi kulisema. Mjumbe mmoja alimkazia macho. "Lakini Profesa, swali hili si ulilitunga wewe mwenyewe?"

"Nililitunga mimi," alijibu, "nikiwa nimesimama."

Wakaruhusiwa. Salamu hazikuondolewa, ila Muuguzi sasa alisalimia, akaketi, akaeleza waziwazi kwamba hapa namba kubwa si utovu wa adabu bali ni msaada. Kisha mgonjwa aliombwa akae kitako na akohoe, ndipo aulizwe. Aliyetaja namba kubwa aliongezewa dawa ya akiba papo hapo, awe katika kundi lolote.

Kabla utafiti haujaisha, Fundi alirudi na ngiri ya upande wa pili, akaomba aingizwe. Alipokohoa alitangaza "Saba" hata wodi nzima ikageuka. Akaongezewa dawa. Alipoulizwa tena alisema, "Nne. Na hii ni nne ya kweli, si ya adabu."

Siri ya makundi ilipofunguliwa, tofauti ilikuwa wazi. Waliopewa dawa mpya walikaa kitako mapema, waligeuka, walitembea hadi mlangoni, na wachache tu walihitaji ile ya akiba. Mkemia alitoka nje, akaegemea ukuta wa ukumbini, akalia kama mtoto. Dada yake alimwacha alie, kisha akamkumbatia.

Siku ya pili Profesa alikwenda dukani kwa Fundi. Alimkuta nyuma ya cherehani, pini mdomoni.

"Mama, nimekuja kukushukuru, na kukuomba radhi pia. Wewe hukupata dawa mpya. Ulipata ya zamani."

Fundi alizitoa pini. "Kumbe. Ndiyo maana ile saba."

"Ndiyo. Na saba yako, na za wenzako mliosema kweli, ndizo zilizoonyesha tofauti. Bila ninyi, dawa ya ndugu yangu ingetupwa, na wanaofuata wangelala chali kama sisi. Sina cha kukulipa."

"Basi maumivu yangu hayakwenda bure. Ahsante kwa kuja kuniambia, mwanangu, wengi wakishapona hawarudi." Akamtazama kiunoni, akachukua utepe wake wa kupimia. "Simama hapa. Hilo gauni nani amekushonea? Linakubana penye kovu."

"Umejuaje? Sijamwambia mtu."

Fundi alipima, akakata, na baada ya muda Profesa akaletewa gauni ambalo mshono wa kiuno ulipanda juu kidogo, usiguse kovu hata akiinama. Tangu siku hiyo hulivaa kila anapowakaribisha wanafunzi wapya. Huwaeleza habari za ubongo, za dawa, na za mama mmoja aliyemfundisha kuuliza. Kisha huwapeleka wodini, huwaambia wavue viatu, na kila mmoja hulala kwanza kwenye kitanda kitupu kabla hajamsogelea mgonjwa yeyote, kwa maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.