Sange na Fito Zinazosema

Nakuja!

— Njoo na kisa.

Nakuja nacho, na kina meno.

— Kitung'ate tukijue.

Haya, mmetaka wenyewe. Atakayeogopa asinishike mguu mimi, amshike jirani yake.

Hapo kale palikuwa na Sange. Kama hamumjui Sange, ni yule mnyama mdogo wa msituni, umbo la panya, pua ndefu kama mrija, haishi kunusanusa. Sange huyu alikuwa mwanamke, tena fundi wa mishale, na kazi yake aliifanyia nyumbani, uani kwake, pembeni ya msitu. Aliishi na mumewe. Sange hawaoi mara mbili. Wakishaoana wameoana, mmoja akifa mwenzake hubaki peke yake mpaka siku yake ifike.

Alikuwa na sifa nyingine. Alikuwa mwongo, tena mwongo wa kutajwa. Mwaka mmoja nyuma alimwambia Nyani kwamba nyuki wamehama kwenye ule mvule wenye shimo, na Nyani akatia mkono mpaka begani. Nyuki hawakuwa wamehama. Nyani alivimba uso wiki nzima na hakusahau.

Basi ukaja ukame. Miti ikanyauka, ukabaki mkuyu mmoja tu wenye matunda. Nyani, kwa nguvu zake, akaupanda na kuumiliki. Wadogo wakawa wanaokota makuyu yaliyoanguka, yaliyooza nusu, yenye mchanga. Hata hayo Nyani aliyaonea wivu. Akasema moyoni: nitakaa juu na upinde, atakayeinama kuokota nitampiga mshale. Mnaona tumbo hilo? Limejaa, na bado linawaza.

Asubuhi moja akatokea uani kwa Sange, upinde begani, mzigo wa fito kwapani. Hodi hakupiga. Alimkamata Bwana Sange mkia, akamfunika na tenga kubwa la kubebea mahindi, na juu ya tenga akaweka jiwe. Kisha akaketi. Akamwambia mkewe kwamba anataka mishale, na anaitaka leo hii jua likifika utosini. Mshale wa kwanza ataujaribu kwenye lile tenga. Ukipiga vizuri, deni la nyuki limekwisha. Ukipiga vibaya, wa pili ataujaribu kwa fundi mwenyewe.

Sange akazitazama zile fito. Zilikuwa saba, nyeupe, zimenyooka, hazina hata kifundo kimoja. Akazisogelea kuzinusa. Zilinuka ubani. Na kwenye ncha ya mojawapo palinasa uzi wa kitambaa chekundu.

Hapo akaondoa pua haraka. Alijua zilikotoka. Kulikuwa na mahali pamoja tu msituni penye fito za namna ile, nako ni mzimuni, pale ambapo watu hufunga vitambaa vyekundu na vyeupe, huacha chakula kwenye vigae, na hakuna anayethubutu kuvunja hata ukuni wa kupikia chai.

"Bwana Nyani," akasema, "fito hizi zina wenyewe. Zirudishe. Hizi hazikatwi."

Nyani akacheka mpaka meno ya nyuma yakaonekana. Akasema anamjua, anataka zirudishwe ili yeye aende akazichukue jioni. Akasema tena kwamba hata chakula cha kwenye vigae amekila, na kilikuwa na chumvi ya kutosha.

Sange akasema kweli. Nyani akasikia uongo.

Jua likapanda. Hua waliokuwa wakilia tangu alfajiri wakanyamaza mmoja mmoja. Vivuli vikajikunyata chini ya miguu. Ilikuwa inakaribia saa sita, ile saa ambayo mama zenu huwaita ndani na hawawaambii kwa nini.

Nyani akasema atakata mwenyewe, mwongo hapewi makali, kazi ya Sange ni kumwelekeza tu. Sange akatandika mkeka na kuweka vyombo vyake vya kazi. Akaweka shoka. Akaweka msumeno wa mbao. Akaweka kisu kidogo, kifupi kama kidole, makali yake yamenolewa mpaka yamekuwa membamba. Kazi aliijua, akaeleza, kama anavyowaeleza wateja wote, jinsi ya kukata ufito uwe wa kimo cha mshale. Shoka linakata haraka, lakini linaupasua ufito kwa ndani na jicho halioni. Msumeno wa mbao una meno makubwa, unauchana. Kisu ndicho. Unaulaza ufito, unauzungusha chini ya makali polepole, kwi, kwi, kwi, mpaka alama izunguke pote, ndipo unauvunja. Kazi ya kukaa kitako, haina papara.

"Chukua kisu," akamaliza.

"Chukua kisu, bwana," mumewe akaitikia kutoka ndani ya tenga. "Mke wangu hadanganyi mambo ya kazi."

Lo, mume naye! Nyani aliposikia wawili wamekubaliana, akawa na hakika kabisa. Akasema kumbe wanataka azungushe na azungushe mpaka jioni, halafu watoroke.

Sange akasema kweli. Nyani akasikia uongo. Akachukua shoka.

Akaulaza ufito wa kwanza kwenye gogo. Pa!

Kule mzimuni pakajibu. Pa.

Ufito wa pili. Pa! Kule mzimuni, pa.

"Mwangwi," Nyani akasema, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Wa tatu. Pa! Na kule, pa. Wa nne. Pa! Na kule, pa. Akainua shoka kukata wa tano, na lilipokuwa bado liko juu, hajalishusha, kule mzimuni kukasikika, pa.

Nyani akabaki na shoka hewani. Manyoya ya shingo yakamsimama. Hata mimi ninayesimulia, hapa hupenda kumeza mate kwanza. Mwenye akili angeliweka shoka chini na kuondoka. Lakini aliukumbuka mkuyu, akayaona makuyu yake mchangani na vidole vya watu wengine juu yake. Akashusha shoka. Pa! Zamu hiyo msitu haukujibu. Fito mbili zilizobaki akaziacha, akasema tano zinatosha.

Sange alikuwa ameketi akimtazama mumewe kupitia matundu ya tenga. Aliona pua yake tu, inatetemeka. Akaona uchungu, kisha akaona jambo jingine. Tangu asubuhi, kila alichosema yeye, huyu Nyani amekigeuza kinyume. Basi hakuna haja ya kumdanganya, amwambie kweli tu, naye mwenyewe atachagua kinyume. Akajifuta pua, akasimama.

"Bado kuzisikiliza," akasema. "Weka ufito karibu na sikio, ukunje kidogo. Unaonyamaza, ni mzima, uchukue. Unaosema, umepasuka, utakurudia mwenyewe. Utupe."

Akamwonyesha. Akakunja wa kwanza sikioni mwake: kimya. Akakunja wa pili: tsi, tsi, tsi. Huu utupe, akasema, akauweka kando.

Nyani akauokota uleule. Akauweka sikioni, akaukunja. Tsi, tsi, tsi. Akaukunja tena, na macho yake yakaanza kupanuka.

"Unaniita jina," akanong'ona.

Hilo Sange hakulitegemea. Ufito uliopasuka hulia tsi, wala hauiti mtu jina. Akarudi nyuma hatua moja. Lakini Nyani alikuwa ameanza kutabasamu. Akasema sasa ameuelewa ujanja wote: mshale unaosema una nguvu za mzimu ndani, haukosi shabaha, na ndiyo maana huyu mwongo anautaka utupwe, apate kuuokota yeye.

Sange akasema kweli. Nyani akasikia uongo.

Jua likafika utosini. Kivuli hakikuwepo. Nyani akausimika mshale kwenye upote, ile kamba ya upinde, akalielekea tenga. Mle ndani Bwana Sange akaacha kutetemeka, akamwita mkewe mara moja, taratibu, kama mtu anayeaga safarini. Nyani akavuta. Akavuta kwa nguvu zote alizojaliwa, na zilikuwa nyingi mno.

Kraa!

Ufito ukapasuka ulipoachiwa. Kipande kimoja kikapeperuka mbele na kuanguka bila kumgusa mtu. Kipande cha pili kikarudi. Nyani akaketi chini polepole, mkono umeshika koo, akiwa na uso wa mtu anayetaka kuuliza swali. Hakuliuliza.

Sange akakimbilia tenga. Akasukuma jiwe, halikusogea. Akasukuma kwa mgongo, halikusogea. Basi akarudi mkekani akachukua kile kisu kidogo, akaanza kukata kamba za tenga moja moja, kwi, kwi, kwi, bila papara, mpaka pua ikatoka, na baada ya pua mumewe mzima. Wakakumbatiana. Walilia wote wawili, na sioni aibu kuwaambia.

Wakiwa wameshikana hivyo, zile fito mbili pale mkekani, zile ambazo shoka halikuzigusa, nzima, hazijakunjwa na mtu, zikasema. Zilisema polepole, kwa pamoja.

"Sange."

Mumewe akainua kichwa. "Kuna mtu amekuita?"

"Hakuna," Sange akajibu. "Ni upepo."

Upepo haukuwepo. Akamshika mkono, wakaondoka wakiwa wamevaa walichovaa, na ile nyumba mpaka leo haina mtu.

Kisa nimekitua. Atakayekiinua ni chake.

— Tumekiona, hatukishiki.

Funzo? Hamuwezi kulala bila funzo? Haya. Mkikata mishale nyumbani, chukueni shoka kubwa kuliko yote. Na semeni kweli siku zote, wanangu, kwa sababu kweli haijapata kumwumiza mtu.